Redio wa Mashine Namba Nne

Siku tulipoitwa kwenye semina ya mawasiliano tuliambiwa tukae kwa adabu, maana mtaalamu ametoka mbali. Kweli alitoka mbali: suti, kalamu tatu mfukoni, na cheti chake amekuja nacho kikiwa kwenye fremu. Akawasha picha ukutani, akatutangazia sisi wafumaji wa kiwanda cha nguo kwamba binadamu huwasiliana kwa njia nne: kwa kusema, kwa maandishi, kwa picha na kwa ishara za mwili. Tukapiga makofi. Loo, kumbe! Na sisi miaka yote hii tulidhani tunabweka tu.

Mmoja hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama bwana yule mdomoni, ametulia tuli. Huyo ndiye dada yetu wa mashine namba nne, na sote tunamwita Redio kwa sababu hakuna kituo asichokamata.

Hapo lazima nieleze. Ukumbi wetu wa kufumia una mashine thelathini na mbili. Zikiwashwa zote, hata upige yowe la kufa, jirani yako ataona tu umepanua mdomo. Ndiyo maana mfumaji mgeni kitu cha kwanza anachofundishwa si uzi, ni kusoma midomo. Unasema bila sauti, unavuta kila neno, na mwenzako ng'ambo ya ukumbi anakuelewa. Mimi nilifundishwa na Redio. Alikuwa ananishika kidevu, ananigeuzia uso kwake: "Mdogo wangu, sema kwa mdomo, usiseme kwa koo. Koo halionekani." Kwa njia hiyo tumepeana habari za kujifungua, za kufiwa na za waume walionuna wiki nzima kwa sababu ya shati moja, na kitambaa kinaendelea kutoka. Ukiwa na siri unafunika mdomo kwa kiganja. Hilo ndilo kufuli letu, na hakuna anayeuliza kilichofungiwa.

Wakubwa hawajui lolote kuhusu hayo. Wao wana ofisi ya vioo juu ya ngazi ili watuone tukifanya kazi. Kwamba na sisi tunawaona wao, hilo halijawahi kuwapitia akilini.

Basi semina ikaisha kwa mtihani wa kusikiliza. Mtaalamu akasimama nyuma yetu, jamani, nyuma, akasoma maneno kumi tuyaandike. Masikio ya Redio yameliwa na mashine miaka ishirini na sita. Akapata sifuri. Mtaalamu akaandika, tena kwa mwandiko mzuri sana, kwamba mfanyakazi huyu hana uwezo wa kuwasiliana. Mtu anayesoma midomo ya watu hatua hamsini! Nilicheka mpaka machozi, nikidhani mambo yameishia hapo.

Jumanne iliyofuata niliinua macho kwenye kile kioo, nikamwona meneja anazungumza na mtaalamu. Haki ya nani, nilimsoma kama gazeti. "Yule wa namba nne, mwisho wa mwezi basi. Hasikii." Mtaalamu akatikisa kichwa kwa huruma iliyosomewa chuoni. Nikageuka haraka kumtazama Redio. Alikuwa amewapa mgongo, anaunganisha uzi uliokatika. Roho iliniuma, lakini papo hapo, Mungu anisamehe, nikashukuru kwamba hakuona.

Maana Redio ana binti mmoja, anamsomesha peke yake, naye alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi. Kazi ikikatika, na chuo kinakatika. Hilo tulilijua wote.

Zikaja wiki tatu za mawasiliano. Ukafungwa ubao mpya wa matangazo, na tangazo la kwanza likasema matangazo yatabandikwa hapa. Likaanzishwa kundi la simu liitwalo Tuwasiliane, na kila asubuhi meneja anatutumia picha ya waridi. Likaja na sanduku la maoni, funguo zake hazijulikani ziko kwa nani. Njia zote nne zikafanya kazi usiku na mchana, isipokuwa kumwambia mtu mmoja neno moja. Barua yake ilikuwa "inaandaliwa."

Na mimi, dada mwema, nilifanya nini? Niliwaambia wengine wote, kiganja mdomoni. Mama Pacha wa namba tano akaniambia, "Wewe ndiye mdogo wake. Mwambie." Nikasema kesho. Kesho ikazaa keshokutwa. Redio akawa ananitazama kutoka kwenye mashine yake na kuniambia, "Mwaka mmoja tu, mdogo wangu. Binti akimaliza, hata wanifukuze." Alilisema hilo mara tatu au nne. Nami nikicheka, nikimgeukia Mama Pacha na kufunika mdomo. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo nilivyojiambia, nikajiona nina busara.

Barua ililetwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi na tarishi, ambaye aliiweka juu ya mashine kama anatua sahani ya moto, akatoweka. Redio akaikunja, akaitia mfukoni bila kuifungua. Nikaacha mashine yangu ikienda, nikakimbia hadi kwake.

"Dada," nikasema kwa midomo, "nilitaka kukwambia."

"Wewe uliwaona Jumanne," akajibu. "Mimi niliwaona Jumatatu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Meneja sikumtegemea. Nilikuwa nakungoja wewe. Nimekupa nafasi wiki tatu, na kila nikikutazama umefunika mdomo." Akanishika kidevu kama zamani, akanigeuzia uso kwake. "Kufunika mdomo nilikufundisha mimi, mdogo wangu. Ulidhani sijui unafunika nini?"

"Nisamehe, dada," nikasema.

Akaniachia kidevu, akafumba macho.

Pale kwetu, mtu akifumba macho umekwisha kusema. Nikarudia nisamehe, nisamehe, kwa midomo, taratibu, nikivuta kila neno alivyonifundisha, mbele ya uso uliofungwa. Nikashindwa. Nikaanza kupiga kelele kwa koo, koo lile lile alilonikataza, mpaka sauti ikanikauka. Mama Pacha alikuwa hatua mbili nyuma yangu, na baadaye aliniapia kwamba hakusikia kitu.