Mtoto Aliyesoma kwa Kukariri

Katika shule ya msingi ya kanisa aliyofundisha, karibu na Adams Arcade jijini Nairobi, Mwalimu Kanyiva alijulikana kwa kutia watoto moyo. Hakuwa na mkono wa kuchapa wala mdomo wa kukemea. Kila daftari lilirudi na neno la kalamu nyekundu: vizuri sana, hongera, endelea hivyo. Wazazi walimpenda, na walimu wenzake walimtania kwamba hata jiwe angelipa alama.

Stacy Kaindi alikuwa mwanafunzi wake tangu Gredi ya Tatu, mtoto mtulivu, mwenye mwandiko safi. Walipofika Gredi ya Nne, Kanyiva alimchagua asome somo la kwanza kwenye Misa ya shule. Stacy alikataa kwa kutikisa kichwa. Kanyiva akambembeleza, akamwambia anaweza, akampa karatasi aende nayo nyumbani. Wiki nzima mtoto akafanya mazoezi mbele yake bila kukwama hata mara moja.

Asubuhi ya Misa, padre alibadilisha somo, na watoto wakagawiwa karatasi mpya. Stacy alipanda altareni, akafungua kitabu palipowekwa utepe, akainamisha macho, akasoma kwa sauti nzuri somo lile la zamani, neno kwa neno. Watoto wenye karatasi mpya wakaanza kunong'onezana. Padre akainama, akamwambia kwa upole asome lililo mbele yake. Stacy alisimama pale, macho kitabuni, hadi kicheko kikaenea kanisa zima, na Kanyiva akaenda kumshika mkono kumshusha.

Siku tatu Stacy hakuja shuleni. Kanyiva alitoa madaftari yake kabatini, akayapitia upya. Makosa yalikuwa yale yale ya jirani yake wa dawati, hata herufi zilizorukwa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mwaka uliotangulia aliwahi kuliona jambo hilo mara moja. Alikuwa na watoto hamsini na wawili, na huyu alikuwa akitabasamu, basi akaandika hongera na kufungua daftari lililofuata.

Siku ya nne alimfuata mama yake Stacy, Nthenya, katika duka la vitambaa alikofanya kazi kule Parklands. Nthenya hakupandisha sauti. Aliendelea kukunja khanga huku akieleza kwamba binamu yake Stacy ndiye aliyekuwa akimsomea hadi ashike kichwani. Yeye kama mama alidhani ndivyo watoto wanavyojisomea.

"Mwalimu, miaka miwili nimekuwa nikisoma maneno yako kwa daftari," alisema. "Mimi nilikuamini."

Kanyiva aliomba radhi.

Stacy aliporudi, walianza na silabi, kila siku saa ya chakula, wawili tu darasani. Watoto walishampa jina la utani, Padre, kwa sababu ya kisa kile cha altareni, na walilitamka hata mbele ya walimu. Siku moja Stacy alimaliza sentensi fupi, na Kanyiva akachukua kalamu kwa mazoea. Mtoto akafunika daftari kwa kiganja.

"Ticha, usiniandikie vizuri kama si vizuri."

Tangu siku hiyo Kanyiva alimwandikia ukweli: leo umesoma mistari miwili, wa tatu umekushinda, kesho tutaurudia. Stacy aliyasoma maneno hayo mwenyewe, polepole, kidole chini ya kila neno, na hakutabasamu tena kumfurahisha mtu.

Kufikia Novemba aliweza kusoma aya moja. Lakini jina la utani halikuisha, na Nthenya akaamua kumpeleka kwa shangazi yake Machakos akaanze upya. Siku ya kufunga shule, Stacy alichukua ripoti yake, akamuaga mwalimu kama watoto wengine, akaondoka bila kugeuka. Kanyiva hakujua kama amesamehewa, wala hakuthubutu kuuliza.

Januari alipewa darasa jingine. Wiki ya kwanza aliwaita watoto mmoja mmoja kwenye meza yake, akawapa ukurasa wasiowahi kuuona wausome. Ijumaa alikuwa na majina manne ya walioshindwa kwenye karatasi. Alipeleka karatasi hiyo kwa mwalimu mkuu, Sista Wanjugu, ambaye aliisoma, kisha akamuuliza watoto hao walikuwa na mwalimu gani mwaka jana.

"Hata wangekuwa na mimi," Kanyiva alisema, "wasingekuwa wanasoma."