Sabuni ya Mikono ya Torkel

Nilifanya kazi na Gunvor Ahlqvist katika maabara moja hapa mjini Lund, na mpaka leo sichoki kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Alitengeneza vipovu vya mafuta vidogo mno, akavijaza rangi, kisha akavitia sabuni. Sabuni ikipenya utando wa kipovu, unaofanana na utando wa chembe za ngozi, rangi huvuja na mashine huonyesha mng'ao. Sisi wengine tuliwaza makala za kuchapisha. Gunvor alimwaza Torkel.

Torkel ni mdogo wake, mfuga ng'ombe. Sabuni ya kuoshea viwele ilimla mikono mpaka ikapasuka na kutoa damu. Daktari alishamwambia: isipopona, auze ng'ombe. Na mtu mwenyewe hajui kazi nyingine duniani!

Basi Gunvor akachanganya sabuni mbili. Kila moja peke yake ilivujisha vipovu. Zikiwa pamoja zilishikana zenyewe kwa zenyewe, zikaviacha salama. Akamjazia Torkel chupa.

Wiki chache baadaye Torkel akatokea maabara saa ya kahawa, mikono mibaya kuliko mwanzo.

“Dada, sabuni yako balaa.”

Gunvor alinyong'onyea, nikamwonea huruma. Akarudia jaribio, vipovu havikuvuja. Akamwambia Torkel alete chupa iliyokuwa garini, akainusa.

“Mbona inanuka msonobari? Yangu haina harufu.”

“Ilikuwa inakwisha, nikaongezea ile ya zamani. Ulitaka niimwage?”

“We bahili wewe! Hata marehemu mama hakufika huko.”

“Mama ndiye aliyenifundisha.”

Tulicheka mpaka kahawa ikapoa. Kisha Gunvor akatia tone la chupa ile kwenye vipovu, na mng'ao ukapanda papo hapo. Torkel akainama kutazama.

“Ndivyo inavyoifanya ngozi yangu?”

“Ndivyo.”

“Basi nipe nyingine. Hii nitaimwaga mwenyewe.”

Majira ya kuchipua alikuja tena, bila glavu, vidonda vya mikono vimefunga, na habari kwamba ng'ombe hawauzwi. Torkel si mtu wa kukumbatia watu. Hata msibani hutikisa kichwa tu. Siku hiyo alimwekea dada yake kiganja shavuni, mbele yetu sote.

“Kinakukwaruza?”

“Kidogo,” akasema Gunvor, machozi yakimtoka. “Usikitoe.”