Mfagiaji Auliza Kura ya Mheshimiwa

Juzi nilikuwa Rangwe, kwenye mkutano wa mbunge mmoja. Alitueleza kwamba yeye ni mtetezi wa afya, wa wafanyakazi, na wa haki ya kila mwananchi kusema. Tukapiga makofi.

Akasimama mama mmoja aliyevaa aproni ya kijani. Alisema yeye ni kibarua, anafagia wodi za hospitali kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Msimamizi wake alikuwa ameketi mstari wa mbele. Kabla hajaendelea, mwendeshaji wa mkutano akamnyang'anya maikrofoni.

Mama hakuketi. "Mheshimiwa, si umesema kila mtu ana haki ya kusema? Basi mwambie huyu anirudishie."

Watu wakacheka. Mbunge akaashiria kwa kidole, maikrofoni ikarudi.

"Ule mswada wa kuajiri vibarua kwa kudumu ulipofika bungeni, ulipiga kura gani?"

"Mama, hayo ni mambo marefu."

"Mimi sina haraka. Ilikuwa ndiyo ama la?"

Mbunge akajipangusa uso. "Siku hiyo sikuwa bungeni."

"Ero kamano," mama akamshukuru. "Mimi nikikosa kazini siku moja, nafutwa."

Mkutano ulipokwisha nilimuuliza kama haogopi, maana msimamizi alikuwa bado anamkodolea macho.

"Mkataba wangu unaisha Ijumaa," akanijibu. "Wakikataa kuuongeza, nitapata nafasi ya kuhudhuria mikutano yake yote."

Mheshimiwa, kwa usalama wako mwenyewe, mtafutie huyu mama kazi ya kudumu.