Injini ya Tombe

Kabla ya vita vya 1979, Koboko nzima, kule kaskazini-magharibi mwa Uganda, ilijua kwamba Lokule akigusa injini, itakimbia kuliko ilivyoumbwa. Datsun yao aliichonga kichwa cha silinda kwa mkono, akaifungia kabureta mbili, na mafundi wa Arua waliomcheka wakaja kula vumbi lake kwenye mashindano ya barabara ya Onduparaka. Dereva alikuwa mdogo wake, Tombe. Mmoja aunde, mwingine akimbize, ndivyo walivyoishi.

Vita vilipowafukuza, gari hilo ndilo lililowavusha mpaka kuingia Zaire, pamoja na mama yao, Viktoria. Huko ukimbizini homa ikamchukua Tombe kwa siku tatu tu, mama akiwa kijiji cha mbali akiwavunia watu mihogo apate chakula. Aliporudi alikuta wameshamzika. Hakulia. Alisema hatamlia mwanawe mpaka mifupa yake ilale Koboko, na miaka saba ikapita bila chozi. Ukaidi ulioje! Lakini nani angethubutu kumwambia?

Basi waliporejea nyumbani, Lokule akaamua kuuza injini ya Datsun ili akodi lori la kuleta mifupa ya ndugu yake. Mnunuzi alikuwa Draku, mwenye mashine ya kusaga huko Adumi.

"Mimi nataka injini tu," Draku alisema. "Bodi mutabaki nayo."

"Injini hii iko ya mbio, mzee. Kusaga mahindi itateseka."

"Itazoea. Washa nisikie."

Lokule akawasha. Ilinguruma vilevile kama zamani, naye akageuza uso. Alifungua nati mwenyewe, harakaharaka, asije akabadili nia. Pikapu ya Draku ilikuwa barabarani, ng'ambo ya mtaro. Wanaume wanne wakaifunga injini kwenye miti miwili, wakaibeba mabegani, na Lokule, kwa kuogopa vumbi lisiingie kwenye kabureta, akaifunika shuka nyeupe.

Hapo ndipo alipokosea. Miaka ile Koboko, wanaume wanne wenye miti na shuka nyeupe walibeba kitu kimoja tu. Jirani yao Margarita aliwaona, akaangua kilio, na wanawake wa nyumba za karibu wakakipokea. Viktoria akatoka jikoni, mikono ina unga. Alijua Lokule alikuwa akihangaika kumrudisha mdogo wake. Hakuuliza kitu. Alikimbia, wabebaji wakaishusha, naye akapiga magoti akalia kilio chote cha miaka saba. Draku alivua kofia, hakujua afanye nini.

Kisha mama akaweka kiganja juu ya shuka, akanyamaza.

"Lokule," alisema, "iko na moto. Mutoto iko na moto bado. Mulisema alikufa zamani."

Watu wote wakamtazama Lokule. Alipiga magoti kando ya mama yake, akashika pindo la shuka, na mkono ukakataa kulifunua.