Ukili wa Kupimia Propela

Gari la marehemu mume wangu lilikuwa Landrova kwa sura tu. Injini aliitoa kwenye pikapu ya Kijapani, giaboksi akaisogeza nyuma ili vienee, na springi akaziongezea vyuma ili lipite juu ya tope la huku kwetu, upande wa Mbuchi. Lilibeba mpunga na kamba wakavu hadi Kibiti. Siku moja propela, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma, ilikatika. Kabla hajapata nyingine, homa ilimlaza na hakuinuka tena.

Siku ya khitma wazee waliamua gari lisubiri mpaka eda yangu iishe. Likiwa linatembea, litabaki litulishe. Likiwa limekufa, litauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Moyoni sikutaka kazi ya mikono yake ikatwe vipande.

Aliyetafuta propela ni mdogo wake. Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa, na Kibiti, ambako zamani hata nati uliiomba kwa kujuana, kulijaa vibanda vya spea zilizotumika. Alizunguka huko, akafika mpaka Ikwiriri. Mpya ya kutoka Dar haikushikika kwa bei. Aliporudi alikaa barazani, mimi nikawa ndani nyuma ya pazia, mama mkwe kakaa mlangoni.

"Shemeji, gari hili halina kabila," alisema. "Nikitaja Landrova napewa ya Landrova, fupi. Nikitaja injini napewa ya Kijapani, ndefu. Mmoja kaniuliza kama natafuta propela au mchumba."

Mama mkwe alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. Shemeji akaeleza kwamba yuko fundi Kibiti anayekata propela za malori mabovu na kuzichomelea kwa urefu anaoutaka mtu. Bei yake inavumilika, ila anataka kipimo.

Mimi nilikuwa nasuka ukili, ule utepe wa ukindu tunaoushona hadi uwe mkeka. Ukili hauvutiki kama kamba. Nikamwuliza mama mkwe kama naweza kwenda nao uani, gari lilikokuwa.

"Uani ni ndani," alijibu. "Ila nimezika wengi, mwanangu, na sijaona mjane akikaa eda chini ya Landrova."

Hata hivyo alikuja mwenyewe kunishikia ncha.

Nililala chali juu ya gunia. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuliona gari lile kwa chini. Nilitazamia chuma na tope. Nikakuta waya alioshikizia bomba la breki ameusokota kwa kushoto, vilevile alivyofunga fito za ua wetu. Nikakuta kipande cha kandambili kimewekwa mahali ambapo vyuma viwili vingesagana. Nilijiuliza lini alikiweka, na kandambili ile ilikuwa ya nani. Nilikaa kule chini mpaka mama mkwe akauliza kama nimelala.

Tukapima kutoka sahani ya giaboksi, pale propela inapofungwa, hadi sahani ya ekseli, nikakata ukili, shemeji akaondoka nao.

Alipokwisha kwenda, nilirudi uvunguni kwa hamu tu ya kuangalia. Kipande cha mbele cha propela ya zamani kilikuwa bado kinaning'inia. Kilikuwa na chuma kinachoingia ndani ya kingine, kama pampu ya baiskeli, na sehemu ndefu ya chuma hicho iling'aa kwa kusuguliwa. Nikajiuliza kwa nini kiingie na kutoka ikiwa urefu ni mmoja. Nikatazama magurudumu. Hayakugusa ardhi.

Kwetu bondeni kila chenye thamani hupandishwa juu. Mpunga tunauweka darini, nyumba za shamba tunazijenga juu ya nguzo, na gari likiharibika karibu na msimu wa mafuriko, chasi yake huinuliwa juu ya magogo. Lilikuwa jambo la kawaida mno hata hakuna aliyelifikiria. Lakini gari lililo juu ya magogo ekseli yake huning'inia, ikawa mbali na giaboksi. Nilikuwa nimepima gari lisilosimama kwa miguu yake.

Nilimweleza mama mkwe. Aliniuliza tufanyeje, na hatukuwa na la kufanya. Mimi siwezi kutoka, na shemeji keshafika Kibiti.

Alirudi na propela, akaifunga, ikaenea bila kusukumwa.

"Kama pete na kidole," alisema.

"Lishushe kwanza, shemeji," nilimwambia kutoka mlango wa uani.

"Wasiwasi wa nini?"

"Lishushe polepole, mkono wako uwe pale panapoingia."

Alianza kulishusha kwa jeki. Magurudumu yalipogusa chini chuma kilikuwa kimezama chote, hakina tena pa kuingia, na uzito wa gari ulikuwa bado haujakaa. Akalipandisha tena. Niliona aibu, kwa kuwa kipimo kilikuwa changu, nikamwambia hivyo. Akasema bora ndefu, kwani kupunguza si tabu kama kuongeza. Akaifungua, tukalishusha gari kabisa, tukalipakia magunia ya mpunga, nikapima upya. Fundi aliikata na kuichomelea tena.

Gari likatembea kabla eda haijaisha. Wazee walikuja kuliona likizunguka uwanjani, wakasema libaki, shemeji aliendeshe.

Safari ya kwanza sikuweza kwenda. Nilisimama ndani ya ua nikisikiliza, na mlio haukuwa ule niliouzoea. Kulikuwa na mvumo mpya. Nilitaka kujua unatoka wapi, nikachutama penye uwazi chini ya fito. Gari lilikuwa linapanda tuta la njia. Niliiona propela ikizunguka kwa kasi hata ikaonekana imetulia.

"Unaona nini huko?" mama mkwe aliuliza.

Nilisogea nikampisha nafasi, naye akachutama.