Mierebi ya Mtaroni

Osbert alifariki wakati kengele zimenyamaza. Mfalme Yohana alikuwa amegombana na Papa juu ya nani awe askofu mkuu, na Papa akayafunga makanisa ya Uingereza yote. Hakukuwa na misa, wala maziko kwenye uwanja wa kanisa. Mkewe, Aldith, akamzika mtaroni nje ya kijiji, pamoja na marehemu wengine. Alikata matawi mabichi ya mwerebi, akayafunga msalaba, akauchomeka kaburini, upande wa kichwa. Wafiwa wengine nao wakafanya vivyo hivyo.

Mwerebi mbichi ukichomekwa majini huota. Kijijini walisukia vikapu mti huo, walijua. Lakini siku ile nani angewaza vikapu?

Makanisa yakaja yakafunguliwa. Aldith akaomba ruhusa ya kumhamisha mumewe. Padri akamwambia angoje askofu. Akangoja. Vita vikaja, mfalme naye akafa, ndipo ruhusa ikafika. Akajikongoja hadi mtaroni na Thurstan, mchimba makaburi. Msalaba hakuna. Kichaka cha mierebi tu.

"Haya bibi, wako yupi?"

"Wa tatu kutoka darajani."

"Daraja lilizolewa na mafuriko. Na mizizi hii imeshawafuma wote pamoja."

Aldith akakaa chini. "Mfalme wamemlaza wapi?"

"Worcester, ndani ya kanisa, mbele ya madhabahu. Katufungia mlango sisi, kisha kapita yeye."

"Usimseme maiti, Thurstan."

"Simsemi, namsifu. Ana mbio yule!"

Aldith alitaka kucheka, nguvu hana. "Kila siku namwombea Mungu amsamehe. Mdomo unasema, moyo bado."

Thurstan akaegemea sepetu. "Ruhusa ni ya maiti mmoja tu, bibi. Nichimbe wapi?"

Aldith akaitazama mierebi hadi macho yakamchoka.

"Hapo ulipo. Atakayetoka nitamlilia."

Mifupa ilipotoka hakuuliza ni ya nani. Aliifunga kwa shuka lake mwenyewe. Kanisani padri akamuuliza jina la marehemu.

"Osbert," akajibu, na kengele ikapigwa.

Akirudi nyumbani alipita tena mtaroni. Akapiga magoti penye tope, akawaombea waliobaki, mmoja mmoja kwa jina. Na Osbert akamtaja pia, isije ikawa bado yumo.