Mume Wangu Kwenye Kitambaa

Mwaka ule, sinema iliyonipendeza kuliko zote ilikuwa ya mtu aliyenunua baiskeli kabla hajajua kuipanda. Ya pili ilikuwa ya mpira, timu mbili za Dar es Salaam zikiugombania matopeni. Sikujua nani anacheza na nani, lakini nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Ya tatu ilikuwa ya choo. Ndiyo, choo. Jamaa anachimba choo, jirani yake anamcheka, kisha tumbo linamshika yule jirani na anakimbilia choo cha mtu aliyemcheka. Wenzangu walisema hiyo ni sinema ya kutufundisha adabu, haina utamu wowote. Mimi nilimtazama yule jirani anavyokimbia kashikilia kikoi chake, nikasema huyu ana kipaji, wampe na sinema nyingine. Hizo ndizo zangu za mwaka ule, kwa mpango huo huo, na mpaka leo sijabadili. Ipo ya nne, lakini hiyo siwezi kuipanga popote.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Kilwa Kivinje hatukuwa na jumba la sinema. Lilikuwa likija gari la serikali kutoka Dar es Salaam, wakati barabara inapitika, likakaa siku moja au mbili, likaenda Masoko, kisha likashika njia ya Lindi. Mchana lilizunguka mitaani likitangaza. Jioni wenyewe wakasimamisha nguzo mbili karibu na boma la Mdachi, wakatandaza kitambaa cheupe, wakawasha mtambo. Picha nyingi hazikuwa na maneno ya kwetu, kwa hiyo bwana mmoja alisimama na kipaza sauti akatueleza tunachokiona, hata pale ambapo kila mwenye macho alikuwa ameshaona. Yule bwana sikumpenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa akicheka kabla ya sisi kucheka.

Wanaume walikaa mbele ya kitambaa, wanawake tukakaa nyuma yake. Picha ilipenya ikatufikia vizuri tu, ila iligeuka, kulia ikawa kushoto. Mara ya kwanza tulipoona watu wanakula, bibi mmoja alimaka, "Hawa hawana wazazi? Wote wanakula kwa mkono wa kushoto!" Sote tukakubaliana kwamba Dar es Salaam imeharibika. Mume wangu, aliyekuwa amekaa mbele, ndiye aliyenifafanulia tuliporudi nyumbani. Alitundika shuka, akasimama upande mmoja na taa, nami upande wa pili, akainua mkono. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikamwambia, "Basi ukiingia wewe kwenye sinema, sisi wa nyuma tutakuona mtu wa kawaida." Maana yeye alikuwa mashoto. Jembe, panga, nyundo, kila kitu isipokuwa chakula alikishika kwa mkono wa kushoto.

Alikuwa mwenzangu wa sinema. Wanawake wengine waume zao waliwakataza, wangu alikuwa ananiuliza kama nimeshavaa buibui. Na tukirudi tulibishana. Yeye aliipenda sana ile ya mpira, akaiweka ya kwanza, na ya choo hakutaka hata kuisikia. Tulinuniana kwa ajili ya choo cha watu tusiowajua.

Kisha nguruwe wakatumalizia muhogo shambani, akaamua kwenda mkonge kwa msimu mmoja, shamba moja huko upande wa Lindi. Nilimshonea shati la kitambaa cha marekani kwa mkono wangu, likamkaa sawasawa mabegani. Akaondoka amelivaa.

Miezi ikapita. Siku moja akaja mtu wa kijiji cha Miteja aliyekuwa naye huko mkongeni, akapiga hodi, akakaa barazani. "Shemeji," akasema, "mumeo anakusalimu sana. Walikuja watu na mashine yao ya sinema shambani, wakatupiga picha tukikata mkonge. Anasema gari likija huku, safari hii kaa mbele. Ukikaa nyuma utamwona wa mkono wa kulia, hutamjua."

Nilimwuliza hali yake. Akasema ana kikohozi kidogo, vumbi la mkonge. Sikusikia vizuri hata hicho kikohozi, masikio yangu yote yalikuwa kwenye sinema. Mtaa mzima uliambiwa siku ile ile. Nikawa nikipita kwenda kisimani wanawake wananitania, "Mpisheni mke wa sinema!" Nami najivuta kidogo, natembea kama mke wa sinema anavyotembea, kama yupo mke wa namna hiyo.

Habari ya kifo ilitangulia gari. Waliileta watu wawili kutoka Lindi, wakaenda kwanza kwa mavyaa wangu, mama yake mume wangu, ambaye nyumba yake na yangu zilichangia ua. Nilisikia kilio chake nikajua. Kifua kilimbana, walisema, hakumaliza wiki. Walimzika huko huko, shamba lilikotaka. Tukasoma hitima bila kuwa na kaburi la kutazama. Picha yake sikuwa nayo hata moja, nani kwetu alikuwa na picha siku zile? Nikaingia eda.

Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Hutoki, hujipambi, unakaa ndani na jina la marehemu. Nilikuwa sijaimaliza hata nusu nilipolisikia gari la sinema likipita mtaani na kutangaza. Leo jioni, wakazi wote wa Kivinje, sinema mpya: mpira, ukulima wa pamba, na wakata mkonge wa Lindi.

Nilisimama katikati ya chumba. Miguu ilitaka kwenda yenyewe. Nikamwita mavyaa, nikamwambia, "Mama, ni yeye. Nami niko ndani."

Mavyaa alivaa buibui, akaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kumwuliza. Mwenye eda anaruhusiwa kutoka kwa dharura: kwenda hospitali, nyumba ikiungua. Je, kwenda kumtazama marehemu mwenyewe akitembea? Mwalimu alikuwa mtu mpole, alifikiri sana, mavyaa aliniambia, akavua kofia akaivaa tena. Akasema hilo hajapata kuulizwa wala hajalisoma. Mwishowe akasema, "Kama ni yeye, hayupo. Na kama hayupo, dharura ni ya nini? Mwambie binti yangu asubiri, picha haifi."

Nilimkasirikia mwalimu yule. Bado namkasirikia kidogo, Mungu anisamehe.

"Basi nitakwenda mimi," akasema mavyaa. Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kukanyaga kwenye sinema. Aliziita mashetani ya kuwashwa kwa mafuta. Jioni ile jirani alimshika mkono wakaenda pamoja, nami nikabaki nimekaa mkekani, mgongo ukutani. Kutoka kwetu mpaka bomani ni mbali, upepo ulivuma kuelekea huko, maneno sikuyapata. Nilisikia mtambo ukinguruma, nikasikia makelele ya mpira. Baadaye nikasikia watu wakianza kucheka kwa pamoja, na kile kicheko kikakatika, kikafuatiwa na kimya. Nikasema moyoni, hapo. Wamemtambua.

Mavyaa alirudi akakaa karibu nami. Hakuvua buibui.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Yukoje, Mama?"

"Amenawiri," akasema. "Anakata mkonge, anacheka."

"Anakata kwa mkono gani?"

"Wa kulia," akasema kwa huzuni, kama mtu anayeogopa kuwa amemtazama mtoto wa mwenzake.

Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema. Mavyaa alikuwa amekaa nyuma na wanawake. Wa kulia nyuma ndiye wa kushoto mbele. Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi na mtoto wake, tukalia wote wawili, ingawa sasa najua kwamba hatukuwa tukililia kitu kimoja.

Siku zilizofuata majirani walikuja mmoja mmoja kukaa nami. Kila aliyekuja alisema, amenawiri, anacheka. Maneno yale yale. Mimi mpenzi wa sinema, niliyenuniana na mume wangu kwa sinema ya choo, ningepaswa kushangaa. Hakuna picha duniani ambayo watu wa Kivinje wataitazama wote kisha wasimulie sawa. Lakini nilikuwa nataka kuamini, nikaamini. Nikaitengeneza ile sinema yangu mwenyewe chumbani, nikaitazama kila siku: shati langu la marekani, mabega yamelijaza, panga mkono wa kushoto, meno nje.

Nilipotoka eda nilioga, nikavaa, nikamwambia kaka yangu anipeleke Lindi. Tulikuwa tumesikia gari la sinema limerudi kutoka Mikindani na litaonyesha Lindi mjini. Mavyaa alijaribu kunizuia. Alisema barabara mbaya, alisema nimedhoofika, alisema nitakuta wameshaondoka. Nikamwona kama ananionea choyo, yeye kamwona na mimi sijamwona. Tukapanda lori la mizigo tukaenda.

Lindi watu walikuwa wengi kuliko nilivyozoea. Kitambaa kilikuwa kimeshatandazwa. Wanawake waliketi nyuma, kama kwetu, nami nikaelekea huko kwa mazoea, kisha nikasimama. Kaa mbele, alisema. Nikageuka nikaenda kukaa kati ya wanaume. Mmoja akaniambia kwa upole, "Mama, wanawake upande ule." Kaka yangu akamwambia, "Mumewe yumo kwenye sinema." Yule mtu akasogea akatupa nafasi.

Ulipita mpira. Ikapita pamba. Kisha mkonge, mistari na mistari, na watu wamejipanga wanakata. Yule bwana wa kipaza sauti alikuwa yule yule. "Tazameni ndugu zetu wa Lindi," akasema, "mtu wa bidii huyu, mikono yake haipoi." Wakaonyesha kijana mmoja mnene mwenye kukata kwa haraka. Kisha wakamwonyesha mume wangu.

Sikumjua. Nililijua shati. Lilining'inia kama limeanikwa, mabega yake hayakulifikia. Alikata jani kwa mkono wa kushoto, akakata la pili, akasimama, akaweka kiganja kifuani. Kisha akakaa chini, juu ya fungu la majani, wenzake wakampita. Alitazama upande wetu. Hakucheka.

"Na huyu naye!" akasema bwana wa kipaza sauti. "Jua halijapanda yeye ameshachoka. Jamani, mvivu huyu atajenga nyumba lini?"

Lindi nzima ikacheka. Walicheka kama nilivyomcheka mimi yule wa choo, kwa moyo mweupe, bila ubaya. Na mimi nikaelewa kile kicheko kilichokatika Kivinje, na ule wema wote wa majirani, mlango kwa mlango, wakinibebea uongo mmoja kwa uangalifu.

Nikasimama. Nikapiga kelele, "Anaumwa! Hamwoni kwamba anaumwa?"

Watu wakacheka zaidi. Kwenye sinema watu huzungumza na picha, ndiyo raha yake, walidhani nami natia chumvi. Mtu mmoja nyuma yangu akaitikia, "Anaumwa uvivu!" Kaka yangu akanivuta kanga nikae. Nilipotazama tena kitambaani, mume wangu alikuwa ameshapita, wanaonyesha kiwanda, singa nyeupe za mkonge zinaanikwa juani, nzuri kabisa, na bwana yule anatuambia zinapelekwa Ulaya kusokotwa kamba.

Kesho yake nilimfuata yule bwana kwenye gari. Nilimwambia, yule uliyemwita mvivu alikuwa mume wangu, na amekufa kwa kifua kile alichokuwa anakishika. Alivua kofia. Alikuwa kijana, karibu hatukupishana umri. Akasema anasoma alivyoandikiwa, pole sana dada. Nilimwuliza kama anaweza kuyaacha yale maneno huko anakokwenda. Akasema atajaribu. Sijui kama alijaribu.

Nilirudi Kivinje. Mavyaa alikuwa uani anapepeta mchele. Nilimwamkia, akaitikia, akaweka ungo chini. Hakuniuliza kama nimemwona, uso wangu ulikuwa umeshamwambia.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa umefungiwa ndani na yule uliyeagana naye hapa mlangoni. Nilitaka ubaki naye." Akajifuta mikono. "Mimi siku ile nilikaa pale kama jiwe. Mwanangu anaitwa mvivu mbele za watu, mimi mama yake, na sauti haikutoka. Wewe je? Ulinyamaza?"

"Sikunyamaza. Nilisimama nikasema anaumwa."

"Wakasikia?"

"Hawakusikia, Mama. Walicheka."

Akanishika mkono, akanisogeza karibu naye.

"Nisemee hapa," akasema. "Nisikie mimi."

Nikasimama katikati ya ua, mchana kweupe, nikapaza sauti kama nilivyopaza Lindi, kuku wakatawanyika. Nikasema mume wangu hakuwa mvivu, alikuwa anaumwa.

"Ndiyo," akaitikia mama yake. "Alikuwa anaumwa."